Mgeni au Mwenyeji

Binti wa dirishani aliuliza bila kuinua macho,
"Mgeni au mwenyeji?"
Bei ni mbili, zimeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kioo.
Nikatazama viatu vyangu, vya Torino,
nikatazama bahari ya Durrës katikati ya maghorofa mawili,
kipande cha buluu kisichozidi shuka la kitanda kimoja,
nikasema, nipe ya mgeni.
Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Maana nianzie wapi?
Kwamba pale, juu ya safu za mawe upande wa kaskazini,
penye magugu na paka wa rangi ya tangawizi,
palikuwa jiko la bibi yangu Vasfije?
Kwamba sakafu ya jiko ilikuwa na kifuniko cha mbao,
na chini ya kifuniko, ngazi aliyoigonga baba,
na chini ya ngazi, Warumi?

Sisi hatukuwaita Warumi. Tuliwaita "kule chini."
Nenda kule chini ulete achari ya kabichi.
Nikashuka na mshumaa. Mtungi wa kwanza ulikaa
katika kijipango alimofungiwa simba,
au dubu; mwalimu Petraq alishikilia kuwa ni dubu,
simba walikuwa ghali mno kwa mji wa bandari.
Bibi alisema mnyama yeyote aliyengojea kufa mle
aliuacha ubaridi wake nyuma, na ubaridi huo
ndio ulioifanya kabichi ifike Machi.
Hakusema kwa huzuni. Alikuwa anatafuna.

Leo kibao kinanieleza, kwa lugha tatu, nilikocheza.
Kinasema hapa walikaa matajiri, kule juu makabwela.
Kinasema uwanja ulimwagwa mchanga ili mchanga unywe damu.
Hakisemi habari ya kamba ya nguo
ambayo mama Drande aliifunga toka tao hili hadi lile,
wala jinsi suruali za mumewe, baharia,
zilivyopigana upepo wa chumvi ulipopanda,
mguu kwa mguu, pasi na mshindi,
nasi watoto tumejipanga safu ya matajiri
tunashangilia: Mmalize! Mmalize!

Nyumba zilivunjwa mwaka nilioondoka.
Barua ilikuja na mhuri: fidia, tarehe, saini hapa.
Bibi aliweka dole gumba, ingawa kuandika alijua.
Jina langu, alisema, siwapi.
Wakampa ghorofa ya saba karibu na ufukwe, jengo lenye lifti,
bahari nzima dirishani, ukingo hadi ukingo.
Kabichi ikaoza Desemba.
Aliinusa, akafunga mtungi,
hakutengeneza tena.

Nimeshuka. Naruhusiwa mpaka kwenye utepe.
Ng'ambo ya utepe, tao la tatu, giza lile lile,
na harufu ya... nisiseme siki, sina hakika,
huenda ni chokaa tu na maji ya mvua.
Wanafunzi kutoka Elbasan wanapita kwa msururu,
mmoja anapiga ukelele aone kama ukuta utajibu.
Unajibu. Unachelewa kidogo, kama mtu mzima
aliyeitwa kutoka chumba kingine.

Nami nataka kuita. Mdomo nimeshaufungua.
Lakini mlinzi ananitazama, na mimi ni mgeni,
nimelipa bei ya mgeni, risiti ninayo mfukoni,
na mgeni hapigi kelele nyumbani mwa watu.
Hupiga hodi. Basi nikaipiga,
chini chini, kwa lafudhi ya jikoni,
na sijui kama ukuta uliitika,
maana wale wa Elbasan
walikuwa wameanza tena.